Panya wa nyumbani huficha ugonjwa, mpime kila wiki

JE, panya wako ana uzani wa gramu ngapi? Iwapo huwezi kulijibu swali hili bila kukisia, basi siku atakapougua huenda ukawa mtu wa mwisho kujua.

Baadhi ya wazazi wanaoleta watoto kwangu hutaja, kwa aibu kidogo, kwamba mtoto anafuga panya mweupe. Hakuna la kuonea aibu. Panya hawa wamefugwa na binadamu kwa zaidi ya karne moja, hujisafisha kila mara na humzoea mwenyewe upesi. (Panya aliyenaswa darini ni jambo jingine kabisa; huyo usimpe mtoto.) Shida ni kwamba mnyama mdogo anayewindwa na paka, nyoka na kipanga ana desturi ya kuficha udhaifu wake. Mtoto humkuta amekufa asubuhi, akaambiwa alikufa ghafla, ilhali mnyama huyo amekuwa akikonda wiki tatu mfululizo.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, kila mama aliyewahi kubeba kadi ya kliniki anajua kwamba uzani wa mtoto husema mapema kuliko macho. Panya naye ni vivyo hivyo. Chukua mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, weka bakuli juu yake, mtie panya ndani na uandike uzani wake daftarini. Fanya hivyo siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Jike mzima aghalabu huwa na gramu 250 hadi 350, na dume 350 hadi 500. Lakini usimlinganishe na panya wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa wiki iliyopita. Dume wa gramu 400 akipoteza gramu 40, amepoteza sehemu moja kwa kumi ya mwili wake. Ni kama mtu wa kilo 70 kupungua kilo saba, na mtu huyo hungemwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Baada ya kumpima, mweke karibu na sikio lako. Panya mzima hupumua kimya. Ukisikia mlio wa kukwaruza au mluzi mwembamba, jua mapafu yana taabu. Panya wengi wanaofugwa hubeba kiini kiitwacho maikoplasma tangu utotoni, nacho hutulia mwilini hadi apate baridi, uzee au hewa mbaya. Hewa mbaya zaidi ni ile inayotokana na mkojo uliolala kizimbani. Ukifungua kizimba na pua yako ikawashwa, fikiria yeye anayelala humo usiku na mchana. Badilisha maranda mara kwa mara, na usimfungie katika kasha la kioo lisilopitisha hewa. Kupiga chafya mara moja moja si neno. Anayepumua kwa kusukuma tumbo au kwa mdomo wazi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuna jambo linalowatisha wengi bure: majimaji mekundu kando ya macho na puani. Mara nyingi hiyo si damu. Ni rangi itokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho, na panya mwenye afya huifuta kwa mikono yake. Ikizidi hadi ikaganda, maana yake ni kwamba anaumwa au ameacha kujisafisha. Lakini ikiwa nyumbani mmetega sumu ya panya, usikae ukibahatisha. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na haziwezi kutofautisha panya wa darini na yule wa mtoto wako.

Pitisha vidole kuanzia shingoni hadi kinenani. Kwa panya jike, nyama ya matiti imeenea eneo lote hilo, hivyo uvimbe waweza kutokea hata begani. Mwingi si saratani ya kusambaa, lakini hukua upesi, na ni rahisi kuukata ukiwa kama punje ya kunde kuliko ukiwa kama limau. Tazama meno ya mbele pia. Rangi ya manjano iliyokolea ni ya kawaida. Yaliyopinda au kurefuka humzuia kula.

Tabia nayo ina uzito wake. Magawa, panya buku aliyefunzwa Tanzania na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, na kutunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia, alifariki Januari 2022. Waliomtunza walieleza kwamba siku zake za mwisho alilala zaidi na kupoteza hamu ya chakula. Yeye alikuwa na umri wa miaka minane. Panya mweupe huishi miwili au mitatu tu, kwa hivyo siku tatu za kukataa chakula ni muda mrefu kwake.

Usimpe dawa ya maji iliyobaki ya mtoto. Kijiko hakiwezi kupima kipimo cha mnyama wa gramu 300. Wala si kila daktari wa mifugo hutibu panya, hivyo uliza mapema kabla ya kuhitaji.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Panya anaweza kuonekana mzima na bado awe na viini mdomoni au katika mkojo. Akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Homa, maumivu ya viungo na vipele vikitokea, hasa kati ya siku tatu na kumi baadaye, yaweza kuwa homa ya kuumwa na panya, ambayo hutibika kwa penisilini lakini ikipuuzwa huweza kuua. Huku kwetu homa ya mtoto hudhaniwa kuwa malaria kwanza. Daktari asipokuuliza kama kuna panya nyumbani, mwambie wewe mwenyewe.