Sahani ya Mama: Tulivyojifunza Kukaa Nyumbani Wakati wa Korona

Ilikuwa mwishoni mwa Rajabu 1441, sawa na Machi 2020, ilipotangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa Zanzibar. Skuli zikafungwa, na chuo cha Qur-ani cha mtaani kwetu nacho kikanyamaza. Hoteli za Unguja zilipokosa wageni, vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi huko walipanda boti na kushuka Mkoani na mabegi yao. Nyumba iliyozoea watu watano mchana ikawa na watu kumi.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Hilo lilikuwa jepesi. Zito liliningoja nyumbani.

Sisi Wapemba tumelelewa katika sinia moja. Mama yangu, aliyepindukia miaka sabini, futari haimpendezi bila ya wajukuu kulizunguka sinia lake. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, mdogo wangu alikuwa ametoka Unguja karibuni, naye anakohoa. Nikamtengea mama sahani yake: muhogo wa nazi, kipande cha samaki na bakuli la uji. Nikamtandikia mkeka pembeni. Hakukigusa chakula. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimekosa nini hata nikatengwa?"

Baada ya sala nilimwendea kumtaka radhi. Nikamsimulia safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kuelekea Sham. Alipofika Sargh alipata habari kuwa tauni imeingia huko. Alishauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureishi, ndipo akaamua kurejea. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimfahamisha kuwa anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi Sayyidna Umar aliwashauri wenzake. Wewe ulimshauri nani?"

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimempangia mama yangu kama ninavyopanga mikeka ya msikitini. Ndipo akatoa hukumu yake: "Kama ni sahani, ziwe za wote, wadogo kwa wakubwa. Na mdogo wako alale chumba cha uani, chakula chake apelekewe mlangoni, asione kama ametupwa." Tangu usiku ule hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa hakuna aliyebaguliwa.

Mwaka ule hata katika Msikiti Mtukufu wa Makka tarawehe ilipunguzwa ikawa rakaa kumi, bila ya umma wa kawaida kuhudhuria. Nasi wengine tuliisali nyumbani, wavulana nyuma yangu, mama na wanawake nyuma yao. Nilipomtaka binti yangu anisomee Juzuu Amma niliyodhani ameshaihifadhi, alikwama mara tatu katika sura moja. Sikumlaumu yeye wala mwalimu wake. Nilikuwa nikilipa ada kila mwezi nikaiita malezi. Kuanzia hapo tulikaa pamoja kila baada ya Alfajiri, aya tatu kwa siku.

Aliyeelemewa zaidi alikuwa mke wangu, kwani watu kumi huacha vyombo vya watu kumi. Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Tuliyasikia hayo miaka mingi kwenye darsa. Mwaka ule wavulana walishika ufagio na kuchota maji, nami nikakuna nazi, vibaya mwanzoni.

Wako waliodhani msiba umekwisha. Februari 17, 2021 tukafiwa na Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kuwa ana korona. Alizikwa kwao Mtambwe, hapa hapa Pemba.

Leo sinia limerudi, alhamdulillahi, na mdogo wangu amerejea kazini. Lakini, ndugu msomaji, yasirudi yote ya zamani. Mzee wako akihitaji kulindwa, mshauri kabla ya kumpangia. Msikilize mwanao akisoma, japo aya tatu. Na ukimaliza kula, inua sahani yako mwenyewe.

Allah (s.w.) awarehemu waliotangulia, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Amin.