Usafishaji wa majitaka ya viwanda vya ngozi

Usafishaji wa majitaka ya viwanda vya ngozi ni kazi ya kuondoa kemikali na mabaki ya wanyama katika maji yaliyotumika kutengeneza ngozi, ili yatumike tena au yamwagwe bila kudhuru watu na mazingira.

Aina za majitaka

Ngozi mbichi hulowekwa katika chokaa na sulfidi ya natiri ili manyoya yatoke. Baadaye viwanda vingi huilainisha na kuizuia isioze kwa kutumia chumvi za kromi katika maji yenye asidi.

Maji ya sulfidi yakichanganyika na ya asidi hutoa gesi ya hidrojeni sulfidi, inayonuka kama mayai yaliyooza na inayoweza kuua. Harufu haitoshi kuwa onyo, kwa sababu gesi ikiwa nyingi pua haiwezi tena kuinusa. Kwa hiyo kila aina ya maji hupitishwa katika mfereji wake.

Kurejesha kromi

Utenganishaji huo huwezesha pia kuokoa kromi, kwa kuwa sehemu yake haiingii katika ngozi bali hubaki majini. Maji hayo hutiwa oksidi ya magnesi, na kromi hushuka chini kama tope. Tope huyeyushwa kwa asidi ya sulfuriki, kisha kromi hutumika upya.

Hatua nyingine

Maji ya sulfidi hupulizwa hewa pamoja na manganisi kidogo mpaka sulfidi iishe. Hapo ndipo maji yote huunganishwa. Uchafu mzito huachwa utuame, halafu bakteria wanaopewa hewa hula uchafu ulioyeyuka. Bakteria hawaondoi chumvi. Ili kuiondoa, maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana.

Sheria

Gharama ya mitambo ilikuwa hoja kubwa nchini India, ambako viwanda vya ngozi vya Kanpur vilimwaga majitaka katika mto Ganga. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kiwanda kisichoweza kuweka mtambo wa usafishaji wa awali hakiruhusiwi kuendelea, kama vile kisichoweza kuwalipa wafanyakazi mshahara wa kima cha chini.