Rovu: Moyo Ukitulia, Usisahau Uvimbe

Pengine huko nyumbani Ogembo, Kisii, una mama au nyanya mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo. Ameishi nalo miaka mingi na hakuna anayelishangaa. Soma makala haya kwa ajili yake.

Tezi hiyo huhitaji madini ya iodini, ambayo ni haba katika udongo wa nyanda nyingi za juu kwa sababu mvua huyasomba. Ikiyakosa, hufura na baadaye huota vinundu. Sheria ya Kenya ya kutia iodini katika chumvi ilianza mwaka wa 1978, lakini chumvi hiyo ni kinga tu. Haiyeyushi vinundu vilivyokwisha kuota.

Baadhi ya vinundu huanza kutoa homoni kupita kiasi. Mgonjwa hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, hutokwa na jasho na kukosa usingizi.

Zamani madaktari wengi waliamini kuwa rovu la aina hii haliwezi kuwa na saratani. Ni kweli kwamba kinundu chenye kutoa homoni nyingi ni nadra sana kuwa saratani. Lakini imewahi kutokea. Tena, saratani yaweza kujificha katika kinundu jirani kisichotoa homoni, ndani ya rovu lilo hilo.

Hatari iko hapa: mgonjwa hupewa vidonge kama kabimazole, moyo ukatulia, naye akaacha kwenda kliniki. Vidonge hivyo hupunguza homoni, haviui saratani.

Mpeleke hospitalini upesi ukiona dalili hizi:

- uvimbe ni mgumu au unakua haraka;
- sauti imekwaruza na haiponi;
- anapata shida kumeza au kupumua;
- matezi yamejitokeza kando ya shingo.

Daktari atapima homoni katika damu, atapiga picha ya ultrasaundi, na kwa kinundu kinachotiliwa shaka atatoa chembechembe kwa sindano nyembamba. Usimnunulie dawa za iodini bila ushauri, kwani zinaweza kuzidisha homoni.

Usikate tamaa. Saratani nyingi za tezi hii hukua polepole, na zikigunduliwa mapema hutibika kwa upasuaji. Ukienda nyumbani likizoni, mtazame shingo na umuulize alipimwa lini mara ya mwisho.