Sauti za Wazee Zihifadhiwe Katika Faili la Aina Gani?

Katika nyumba nyingi za Waislamu, juu ya kabati au chini ya kitanda, lipo boksi la kaseti ambalo halijaguswa kwa miaka. Ndani yake mna kisomo cha Qur'an, mawaidha ya masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki, kaswida za madrasa, harusi ya baba na mama, na pengine sauti ya babu akieleza asili ya ukoo. Nyingi kati ya kaseti hizo ni za pekee. Utepe ukikatika au ukiota ukungu, hakuna duka linalouza nyingine.

Ndiyo maana familia nyingi sasa zinazihamishia sauti hizo kwenye kompyuta, simu, au flashi ya kuchomeka katika subufa na redio ya gari. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulipita haraka: sauti iwekwe katika fomati gani? Fundi akiachiwa aamue, mara nyingi atatoa MP3, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Jibu hilo si baya, ila ni nusu ya jibu. Familia inahitaji mafaili ya namna mbili: moja la kuhifadhi, na jingine la kubeba.

Kukunja na kukata

Kompyuta huiandika sauti kwa kuipima mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Katika CD za kawaida vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa kushoto na kulia. Vipimo hivyo vikiwekwa vyote bila kupunguzwa, tunapata faili la WAV. Faili hilo ni aminifu lakini ni zito: saa moja ya sauti huchukua takriban MB 635.

Ili kupunguza uzito huo, wataalamu walitumia njia mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kama kukunja nguo na kuitia sandukuni. Ukiikunjua, ni nguo ileile, haikupungua uzi. Hiyo ndiyo kazi ya FLAC, fomati huru iliyotolewa rasmi mwaka 2001, ambayo kwa kawaida hupunguza faili hadi kufikia nusu yake au zaidi kidogo ya nusu, bila kupoteza chochote.

Njia ya pili ni ya fundi cherehani anayepunguza kitambaa. Vazi huwa dogo na jepesi, lakini vipande vilivyoanguka chini ya meza vimekwenda. MP3 hufanya kazi namna hiyo. Ilikuzwa nchini Ujerumani, hasa katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, kwa kutumia siri moja ya sikio la mwanadamu: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo. Programu huzitafuta sauti ambazo sikio lisingezitambua, kisha huzitupa. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja iliyokuwa MB 635 hubaki takriban MB 58. Kadi ya GB 32, ambayo ingejaa kwa saa 50 za WAV, hubeba zaidi ya saa 550 za MP3.

Zipo nyingine za jamii hiyohiyo ya kukata. AAC, iliyowekewa kiwango mwaka 1997, ndiyo mara nyingi imo ndani ya mafaili ya M4A tunayoyaona katika simu, na kwa ukubwa uleule husikika vizuri kuliko MP3. WMA ni ya Microsoft. Opus, ya mwaka 2012, ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Sauti pweke ndiyo mtihani

Mtu anaweza kudhani kuwa muziki wenye ala nyingi ndio mgumu kupunguzwa, na kwamba sauti ya msomaji mmoja ni kazi rahisi. Historia ya MP3 yenyewe inaonyesha kinyume. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waasisi wake, alipoijaribu kazi yake kwa wimbo wa mwimbaji wa Marekani Suzanne Vega, ulioimbwa bila ala yoyote, sauti ya mwanamke huyo ilitoka imeharibika vibaya. Pasipo ngoma wala kinanda, hapakuwa na kitu cha kuificha kasoro. Wimbo huo ukawa kipimo cha kurekebishia programu.

Familia yenye kaseti za kisomo, kaswida zisizo na dufu, au masimulizi ya bibi iyazingatie hayo. Sauti pweke ikibanwa kupita kiasi huanza kutoa mlio wa maji maji, na herufi za s na sh hukwaruza. Kwa maneno matupu, kilobiti 64 kwa sekunde katika upande mmoja wa sauti huweza kutosha. Kwa kisomo au kaswida, 128 na kuendelea ni salama zaidi.

Jambo la hatari zaidi ni kukata kilichokwisha kukatwa. MP3 inayogeuzwa kuwa WMA, kisha ikarudishwa kuwa MP3, ni fotokopi ya fotokopi: kila hatua huacha ukungu wake. Wala kuigeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichotupwa. Faili litakuwa kubwa, sauti itabaki ileile iliyopungua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Faili lenye kufuli

Uzito na usafi wa sauti si mambo pekee ya kupimwa. Lipo pia swali la nani anashika ufunguo. Mwaka 2004 Microsoft ilianzisha nembo iliyoitwa PlaysForSure, ikimwahidi mnunuzi kwamba wimbo alioulipia ungecheza kwa hakika katika vifaa vyenye nembo hiyo. Nyimbo hizo zilikuwa na kufuli la kidijitali. Novemba 2006 kampuni hiyohiyo ikatoa kifaa chake, Zune, nacho hakikuweza kuzicheza. Mwaka 2008 ikatangaza kwamba wateja wa duka lake la MSN Music hawangepewa tena vibali vya kuhamishia nyimbo zao kwenye kompyuta mpya baada ya Agosti 31. Walipolalamika, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011.

Hali hiyo haijaondoka. Sauti unayoipakua ndani ya programu ya kulipia kila mwezi kwa kawaida hunyamaza malipo yanapokoma. Kwa burudani ya kupita, si neno. Kwa urithi wa nyumba, chagua fomati zisizo na mwenyewe wa kuzifunga. WAV na FLAC ni za namna hiyo, na MP3 nayo sasa imo: mpango wa kuuza leseni zake ulifungwa Aprili 2017, hataza zake zilipokwisha.

Namna ya kutenda

Tafuta redio ya kaseti iliyo nzima, isafishe kichwa chake, kisha iunganishe kwa waya na kompyuta. Programu ya bure ya Audacity inatosha kurekodi. Kaseti ya dakika 90 itachukua dakika 90, hakuna njia ya mkato. Hifadhi kwanza kwa WAV au FLAC. Kutoka faili hilo toa nakala za MP3 za kugawia ndugu, kwa kuwa subufa, redio za gari na simu karibu zote huzielewa, ilhali si zote zinazoielewa FLAC au Opus.

Kama kazi anapewa fundi, mwambie kabla hajaanza kwamba unataka WAV au FLAC pamoja na MP3. Ukimwambia baadaye, atalazimika kurudia kaseti yote.

Anayemrekodi mzee kwa simu afungue kwanza mipangilio ya kinasa sauti na kuchagua ubora wa juu. Simu za zamani hurekodi kwa AMR, fomati iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu, na sauti yake ni nyembamba. Akitaka kumtumia ndugu kwa WhatsApp, alitume faili kama hati ili lifike kama lilivyo. Na ujumbe wa sauti wa aliyefariki usiachwe ndani ya simu moja. Utolewe, uwekwe pamoja na mengine.

Kila faili lipewe jina la msemaji, mahali na mwaka, kabla wanaomtambua kwa sauti hawajaondoka. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili tofauti, kwa sababu flashi hupotea na kompyuta hufa.

Sauti ya Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, bado inasikika kwa kuwa watu walizitunza santuri na kuzihamisha ilivyopasa. Babu na bibi zetu hawana kampuni ya santuri ya kuwatunzia. Wana wajukuu, na boksi lile juu ya kabati.