Mama Haumwi, Apimwe Nini?

"Mama haumwi, sasa akapimwe nini?" Jamani, huo ndio wakati wenyewe! Saratani ya mlango wa kizazi huanza kimyakimya; damu na maumivu huja ikiwa imeshakua.

Kipimo hakihitaji mashine. Nesi aliyefunzwa anapaka siki (ndiyo, ndugu ya ile ya achari) kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama. Pakigeuka peupe, huenda ni mabadiliko ya mwanzo, na mengi hutibika kwa kugandishwa au kuunguzwa kabla hayajawa saratani.

Tanzania hulenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Lakini kijijini mama hufika zahanati kwa ajili ya mtoto tu, na foleni ikiwa ndefu nesi hamuulizi. Basi muulize wewe. Pengine atakugombeza kidogo. Zahanati yenu ikikosa kipimo, nesi atamwelekeza kituo cha afya.