Kijapani si Lugha ya Salamu Tu

Tangu mwaka 1954 Serikali ya Japani imekuwa ikitoa nafasi za masomo kwa vijana wa nchi mbalimbali, na vijana wa Tanzania wamo miongoni mwao. Kila zinapotangazwa nafasi hizo, wazee na viongozi huuliza: kijana atasomea nini, uhandisi, uvuvi au udaktari? Swali hilo ni jema. Lakini lipo la pili ambalo aghalabu halisikiki: atasoma kwa lugha gani? Sisi tunaona kwamba hilo la pili ndilo linaloamua faida ya safari nzima.

Kwa kawaida, kijana anayekwenda kuchukua shahada ya kwanza chini ya mpango huo huwekwa kwanza mwaka mmoja kusoma lugha, ama katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Tokyo, ama katika Chuo Kikuu cha Osaka. Baada ya hapo hesabu, fizikia na historia humjia kwa Kijapani. Ndiyo maana masomo ya miaka minne kwake huwa mitano, na udaktari huwa miaka saba. Njia ya shahada ya pili ni nyengine. Vyuo vingi vimefungua mafunzo ya Kiingereza, na mtu anaweza kurudi na shahada yake huku Kijapani chake kikiishia kwenye salamu na kununua mkate.

Hatusemi kwamba lugha hiyo ni nyepesi. Mwanafunzi hukabiliwa na maandishi ya aina tatu kwa wakati mmoja. Hiragana na katakana zina herufi 46 za msingi kila moja, na kila herufi husimamia sauti. Tatu ni kanji, zilizotoka Uchina, ambazo husimamia maana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyotolewa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya skuli ya msingi. Mgeni hutakiwa azikimbilie kwa muda mfupi zaidi. Tena herufi moja husomwa kwa namna kadhaa. Ile ya mtu husomwa hito ikiwa peke yake, jin katika neno Nihonjin, yaani Mjapani, na nin unapohesabu watu.

Hata hivyo jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulizishika herufi za lugha ya watu tukiwa wadogo. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuta hazina ch, p wala v, wakazitengeneza mpaka zikabeba sauti zao. Wajapani nao waliazima herufi za Kichina, wakazikata na kuzifupisha mpaka wakapata hiragana na katakana. Kuazima na kutengeneza ni kazi tunayoifahamu.

Zipo na neema nyengine kwa Mswahili. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kitenzi huongezwa mwishoni: taberu ni kula, tabesaseru ni kulisha, tabesaserareru ni kulishwa. Kuhesabu hufuata umbo la kitu: karatasi tatu ni sanmai, fimbo tatu sanbon, paka watatu sanbiki, watu watatu sannin. Aliyekulia katika ngeli, anayesema miti mitatu na vitabu vitatu bila ya kufikiri, hashangazwi na hayo. Na iko heshima: mkubwa akila husemwa meshiagaru, nawe ukijisemea kwa unyenyekevu husema itadaku. Mtoto wa visiwani aliyefunzwa kuwaamkia wakubwa anajua kwamba si kila neno huambiwa kila mtu. Ila achunge urefu wa irabu, kwani obasan ni shangazi na obaasan ni bibi.

Faida kubwa zaidi ya masomo hayo ni fikra. Baada ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, Japani iliajiri walimu wengi wa kigeni. Chuo Kikuu cha Tokyo kilipoanzishwa mwaka 1877, wengi wa walimu wake walikuwa wageni waliosomesha kwa lugha zao. Wajapani hawakuridhika kubaki hapo. Walitafsiri vitabu na kuunda istilahi. Simu waliiita denwa, kwa kuunganisha umeme na mazungumzo. Nishi Amane alibuni neno tetsugaku kwa maana ya falsafa. Hatua kwa hatua wenyeji walichukua nafasi za wageni, na leo daktari wa Japani husomea udaktari wake kwa lugha ya mama yake. Kijana wetu anayekaa katika darasa hilo huona kwa macho yake kwamba sayansi haina lugha iliyozaliwa nayo.

Na wenzetu hawakungoja tuwafuate. Chuo Kikuu cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliungana na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, husomesha fani za lugha 25, na Kiswahili ni mojawapo. Chuo kile kile kinachompokea kijana wetu kumfunza Kijapani kinawafunza vijana wa Kijapani Kiswahili. Wao wanatuelewa tunaposema, je, sisi?

Jibu linatugusa hapa hapa. Barabara zetu zimejaa gari zilizotumika Japani. Dereva akiwasha, sauti ya mwanamke humwambia kwamba kadi ya kulipia barabara haikutiwa, naye hajui anaambiwa nini. Hilo ni dogo. Lakini soko na diko la samaki la Malindi vimejengwa kwa msaada wa Japani, na miradi ya namna hiyo huja na mazungumzo na mitambo. Anayetegemea mkalimani wa upande wa pili hupokea kile tu anachopewa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wanaohusika. Kwanza, kijana anayepelekwa aelezwe mapema kwamba lugha ni sehemu ya kazi aliyotumwa. Pili, uko mtihani wa Kijapani wenye ngazi tano, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu. Ngazi ya kila anayerudi iandikwe katika jalada lake, na anapopangiwa kazi itazamwe. Kumweka mwenye N1 mahali ambapo hatafungua kinywa ni kuitupa jitihada ya miaka. Tatu, tunayo TAKILUKI ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yenye uzoefu wa kuwafunza wageni Kiswahili. Wanaorudi kutoka Japani wakutane hapo na walimu na watunzi wa istilahi, wawaeleze jinsi neno la elimu linavyoundwa.

Nanyi vijana, msiikimbie kanji kwa kutafuta darasa la Kiingereza lililo jirani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.