Kijiti chembamba msituni: usifikiri ni mtoto

Ukiingia ndani ya msitu wa milima, kama ule wa Kahuzi-Biega, utaona miti mikubwa na chini yake vijiti vinavyofika kiunoni ao kifuani. Mtu wa makala anavikata bila kufikiri. "Ni vitoto tu, vitaota tena." Pengine anajidanganya.

Tuende mbali kidogo, mahali ambapo wataalamu wamehesabu. Kwenye milima ya Colorado, Marekani, kuna misitu ya asili ya miti ya jamii ya misonobari, yenye majani kama sindano. Baridi ya kule inafanya mti uongeze duara moja ndani ya shina kila mwaka. Unahesabu maduara, unajua umri. Kumbe mti wenye urefu wa mtu, uliokaa kwenye kivuli cha wakubwa, unaweza kuwa na miaka zaidi ya 50! Jua ni kidogo, chakula ni kidogo, kila mwaka duara jembamba kama karatasi. Unangoja tu. Siku mti mkubwa unaanguka na mwanga unaingia, ndipo unaanza kupanda mbio.

Mwaka 2009, watafiti Christof Bigler na Thomas Veblen walitoa matokeo ya kupima miti iliyokufa kule Colorado na katika mbuga ya taifa ya Uswisi. Ile iliyokua haraka ikiwa michanga ilikufa mapema kuliko ile iliyoanza polepole. Inaonekana mti wa mbio unamaliza nguvu kwa kurefuka na kunenepa, unabakiza kidogo ya kujikinga. Ubao wake ni mwepesi, kwa hiyo wadudu, uyoga na upepo wanaushinda upesi.

Huku kwetu tuna podo, ndugu wa mbali wa miti hiyo. Nayo inaota chini ya kivuli. Lakini maduara yake ni magumu kusoma, juu hatuna majira ya theluji. Basi kile kijiti kina miaka mingapi? Mimi siwezi kukuambia, na mwenye panga pia hawezi.

Na sisi tunaopanda sipresi shambani? Sehemu ya katikati ya shina, ile ya miaka ya kwanza, ni laini, na ikikauka inajikunja. Mti uliosimama peke yake kwenye jua unanenepa haraka, hiyo sehemu inakuwa kubwa. Matawi ya chini nayo yanabaki manene, na kila tawi ni fundo ndani ya ubao. Seremala mmoja wa mtaani alinionyesha mlango aliotengeneza kwa sipresi changa: ulikuwa umepinda hata kufuli haikuingia tena.

Kwa hiyo panda karibu karibu, mita mbili ao mbili na nusu. Matawi ya chini yatakufa mapema, shina litanyooka. Miaka michache kisha, punguza ile dhaifu na iliyopinda. Hiyo unayotoa inafaa kwa kuni ao fito, bila kwenda mbugani.